Kengele za Mama Pasi

Kabla mtaa haujambandika jina la Mama Pasi, alikuwa namba kumi na saba kwenye mstari wa tatu wa kiwanda cha redio. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchomelea nyaya mbili nyuma ya spika, kisha kumsukumia ubao mwenzake wa kulia. Aliifanya miaka kumi na miwili, mpaka asubuhi moja wafanyakazi walipokuta lango limefungwa kwa mnyororo na karatasi yenye muhuri imebandikwa juu yake. Wenzake walisimama pale mpaka jua likawa kali, wakimsubiri mtu wa kuwaeleza. Yeye hakusubiri. Alikwenda kutafuta kichomeo kilichokwishatumika, akaweka meza ukingoni mwa barabara, akaandika kwa chaki kwenye ubao: FUNDI REDIO, PASI, FENI.

Wateja wa mwanzo walimchosha.

"Fundi yuko wapi?" mtu aliuliza, akitupa jicho huku na huku juu ya kichwa chake.

"Umeshamfikia."

"Namaanisha mwanamume."

"Huyo yuko kazini, anapaka rangi nyumba za watu. Kama unataka redio yako ipakwe rangi, msubiri."

Mumewe kweli alikuwa mpiga rangi, mtu mpole ambaye kucha zake hazikuwahi kutakata hata siku ya harusi. Aliipenda sana hadithi hiyo, akawa anaisimulia kuliko mwenyewe.

Waliishi na mama mkwe kwenye uchochoro wa nyuma ya maghala, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nyumba za pale zilikuwa za mabati na mbao, zimeshikana ukuta kwa ukuta, hata jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinua sauti. Watu wawili wenye ndoo wakikutana njiani, mmoja alilazimika kupita ubavuubavu. Mama mkwe miguu ilikuwa imemchoka, lakini mikono ilikataa kustaafu. Alikaa kitandani akichambua skrubu za mkwewe na kuzitia kwenye makopo, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa.

"Wewe mwanangu hujui kutupa kitu," alikuwa akimwambia. Mtu hakujua kama ni lawama au ni sifa.

Jumamosi moja, watu wakiwa wamejinyoosha baada ya chakula cha mchana, jiko lilipinduka nyumba ya nne kutoka kwao. Hakuna aliyeshtuka mapema, maana moshi pale ni jambo la kila saa. Mama Pasi alikuwa mezani kwake barabarani alipoona wingu jeusi limesimama juu ya maghala. Alikimbia pekupeku, kichomeo mkononi, amesahau hata kukiweka chini. Alipofika alimkuta fundi cherehani, jirani wao wa ukuta mmoja, amembeba mama mkwe mgongoni akitoka naye kwenye moshi. Fundi yule alikuwa kiziwi tangu utoto. Hakusikia lolote. Alichohisi ni ukuta kumuunguza mgongo akiwa anashona, akageuka, akavunja mbao kwa mateke na kuingia.

Nyumba arobaini na moja ziliteketea siku ile, na wapo ambao hawakutoka. Gari la zimamoto lilikwama mdomoni mwa uchochoro, na mipira yake haikufika hata nusu ya njia. Mama mkwe alilazwa siku tatu, kifua kikikoroma. Siku ya tatu alimshika mkwewe mkono.

"Moshi niliuona," alisema. "Nilidhani mnapika."

Mchana huohuo akafariki.

Maneno yale yalimkaa Mama Pasi kooni kama mwiba wa samaki. Alipofagia aliyasikia, alipochomelea waya aliyasikia. Mtu ameuona moshi, akili zake timamu, akadhani ni chakula chake kinaandaliwa.

Miezi michache baadaye, mabati yaleyale yaliyobabuka yakiwa yamesimamishwa tena mahali palepale, likaja shirika moja na mtaalamu wake, binti mchangamfu mwenye faili kubwa. Waligawa kengele za moshi kwa kila nyumba, nyeupe, za mviringo, nzuri kutazama. Zilikuwa vitu vya kazi, hilo hakuna aliyekataa, lakini ziliundwa kwa ajili ya watu ambao jiko lao lina chumba chake. Pale uchochoroni mtu akikaanga kitunguu, kengele inalia. Akiwasha mkaa, inalia. Jirani akichoma takataka, zinalia kengele tano kwa mpigo na watoto wachanga wanazipokea. Mwezi haukuisha kabla betri zote hazijahamia kwenye tochi na redio.

Mtaalamu akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule.

"Changamoto tuliyoiona," alisema, "ni kwamba jamii bado haijaelimika kuhusu hatari ya moto."

Mama Pasi akasimama. Hakuwa amezoea kusema mbele ya watu, lakini sauti ilitoka kavu.

"Binti yangu, humu ndani umekaa na watu waliokimbia na nguo za mwilini tu. Mimi nimezika. Usituambie hatuujui moto. Kengele yako ndiyo haijui tunavyoishi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Yule binti, kwa haki yake, hakununa. Alifunga faili akauliza, "Sasa wewe mama ungefanyaje?"

"Sijui," alijibu. "Lakini nitajua."

Alirudi nyumbani ameivalia njuga kazi hiyo. Aliwaza hivi: moshi uko kila siku, basi moshi hausemi kitu. Joto ndilo lililomwambia fundi cherehani. Chini ya meza yake kulikuwa na rundo la pasi zilizokufa, na ndani ya kila pasi mna kile kidole cha bati ambacho joto likizidi hujikunja na kukata umeme, ili nguo isiungue. Aling'oa kimoja, akakigeuza: badala ya kukata kikijikunja, kiwe kinaunganisha. Akakiunga na betri na honi ya pikipiki, akakishikilia juu ya jiko la mkaa. Honi ilipiga ukelele ambao ulimwangusha mumewe kwenye kiti.

"Mke wangu," alisema mpiga rangi akijipangusa, "ukitaka kuniua, kuna njia za kimyakimya."

Kuunda kile cha kwanza ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kukifundisha adabu. Alikifunga juu kabisa chini ya bati, na saa saba mchana jua lilipokuwa utosini honi ikalia bila moto wowote, majirani wakatoka mbio na magodoro vichwani. Walipoona ni jua, walimpa vidonge vyake. Akakishusha shubiri moja kutoka kwenye bati. Kikalia tena, mara hii kwa sababu ya sufuria la maharage. Hakuwa na kipimajoto, kwa hiyo alitumia mshumaa: alining'iniza vipande vya nta kwenye paa, akaona kwamba siku ya joto kali nta inalegea lakini haidondoki. Basi akakaza skrubu ya kile kidole mpaka kikawa hakishtuki kwa joto la nta kuyeyuka, ila kinashtuka kikishikiliwa ndani kabisa ya mvuke wa maji yanayoanza kupiga vipovu vidogo. Alirudia kwenye pasi moja baada ya nyingine. Watu waliokuja na redio walikuta meza imejaa pasi zilizopasuliwa matumbo, na hapo ndipo jina lilipomganda.

Alizifunga nyumba kumi kwa waya mmoja mwembamba wa simu, betri zilizochambuliwa kutoka kompyuta mbovu zikiwa ndani ya sanduku moja, na kijipaneli cha jua juu ya paa kuzilisha. Joto likizidi nyumba yoyote kati ya hizo, honi inalia uchochoro mzima, na taa nyekundu inawaka juu ya mlango wa nyumba yenyewe, watu wasipoteze muda kutafuta.

Siku aliyowaonyesha majirani, wote walishangilia isipokuwa fundi cherehani. Alisimama mlangoni mwake amekunja mikono. Kisha akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akaandika kwenye meza kwa herufi kubwa: NA MIMI?

Mama Pasi alihisi uso umemwiva. Mtu aliyemtoa mama mkwe wake motoni ndiye pekee ambaye yeye alimsahau. Akaichukua chaki ileile, akaandika chini yake: WIKI MOJA.

Ilimchukua siku nne. Alifungua feni ndogo ya mezani, akatoa mota, akaifunga nati nzito upande mmoja wa mhimili wake ili izunguke kwa kupepesuka, akaikaza chini ya meza ya cherehani. Nyingine akaifunga kwenye fremu ya kitanda, zote mbili akaziunga na waya wa honi. Walipoijaribu, meza ilitetemeka kama ina homa, pini zikacheza, mkasi ukatembea mpaka ukingoni na kuanguka. Fundi cherehani alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtoka. Tangu siku hiyo akawa anashona vifuko vya turubai vya kuzikinga honi na mvua, bila kuombwa.

Nyumba thelathini zilikuwa zimeshafungwa kengele alipokuja afisa wa ofisi ya mji, mwanamume nadhifu aliyetembea akiruka madimbwi. Alitazama waya juu, akaandika, akatoa barua.

"Mama, vifaa hivi havina kibali. Una siku kumi na nne za kuviondoa."

"Niambie vyenye kibali viko wapi, nifunge hivyo."

"Vipo. Lakini vile hufungwa kwenye nyumba zilizosajiliwa. Ninyi hapa hampo kwenye ramani."

"Hatupo?"

"Rasmi, hapana. Hapa ni eneo wazi."

Mama Pasi alimtazama bila kupepesa macho. "Basi bwana afisa, kama sisi hatupo, na kengele zetu hazipo. Utang'oaje kitu kisichokuwepo?"

Watu waliangua kicheko. Afisa hakucheka. Alikunja miwani yake akasema yeye anatekeleza amri tu, na barua imeshapokelewa.

Asije mtu akasema hakufuata taratibu, kesho yake Mama Pasi alivaa gauni lake la heshima, akaitia kengele moja kwenye kikapu na kwenda ofisini. Walimpiga danadana mpaka saa nane: dirisha la tatu, ghorofa ya pili, rudi dirisha la tatu. Mwisho akapewa fomu. Mstari wa kwanza ulitaka namba ya kiwanja. Akaandika: "Nyuma ya maghala, mlango wa bluu, uliza yeyote." Karani alimrudishia fomu bila kuinua uso.

"Bila namba ya kiwanja haipokelewi, mama."

"Na moto ukija, nao utaomba namba ya kiwanja?"

"Anayefuata," akasema karani.

Siku ya kumi na moja tangu barua ile, Jumanne saa nne asubuhi, honi ililia. Mama Pasi alikuwa mezani kwake anabadilisha waya wa feni. Kwa muda mfupi alidhani ni jua tena, akajiandaa kutukanwa. Kisha akakumbuka kwamba kulikuwa na mawingu.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango wa muuza maji, ambaye alikuwa ameondoka na mkokoteni wake tangu alfajiri na kufunga kufuli. Waya wa umeme ulikuwa umepiga cheche nyuma ya godoro. Alipofika, wanawake wanne walikuwa wameshavunja kufuli kwa nondo, na ndoo za mchanga zilikuwa zinapita mkono kwa mkono. Fundi cherehani, aliyetikiswa na meza yake, alikuwa juu ya paa anang'oa mabati ya upande wa jirani ili moto usivuke. Hakuna aliyetoa amri. Waliupiga vita kwa muda usiozidi ule wa kuchemsha chai, na ulipokufa, ulikuwa umekula chumba cha muuza maji na nusu ya ukuta wa jirani yake. Fundi cherehani alipoteza nyusi moja. Mtu mwingine hakuguswa.

Gari la zimamoto lilikuja likakwama palepale pa siku zote. Sajini wao, mwanamke mrefu mwenye helmeti kwapani, aliingia kwa miguu na kukuta watu wanamwaga maji ya mwisho.

"Nani aliwaita mapema hivi?" aliuliza.

Walimwonyesha honi. Akaufuata waya nyumba hadi nyumba, akapanda kiti, akagusa kile kidole cha bati kwa ncha ya kidole chake.

"Hii ni ya pasi," alisema.

"Ndiyo, afande."

Sajini alishuka kwenye kiti. "Kuidhinisha siwezi, mama, sina muhuri huo. Lakini kuandika nilichokiona naweza." Akaandika palepale, akiwa amesimama, na nakala akamwachia.

Mama Pasi aliamini kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Siku ya kumi na tano, afisa alirudi na vibarua sita, ngazi mbili na koleo za kukatia waya. Mama Pasi alimsomea ile ripoti ya sajini. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii ni taarifa ya moto. Si kibali." Vibarua wakaanza na nyumba ya kwanza.

Waling'oa kengele za nyumba nane. Alisimama anatazama, mumewe amemshika bega, na kila waya ulipoanguka alihisi kama unakatwa mwilini mwake. Walipoiegemeza ngazi kwenye nyumba ya tisa, alijinasua, akapanda mwenyewe mpaka kwenye kipago cha juu, akakaa.

"Shuka, mama," alisema afisa.

"Sishuki."

"Unawazuia watumishi wa umma."

"Mimi ni umma. Wanihudumie nikiwa hapahapa."

Kibarua mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Chini, wanawake wa uchochoro wakaanza kukaa kwenye vipago vya ngazi ya pili, mmoja akiwa na beseni la nguo zake, akaendelea kuzikamua. Fundi cherehani alisogeza kiti chake katikati ya njia, akakaa na shati la mteja, akashona vifungo kana kwamba hana habari. Vibarua waliweka koleo chini. Ndipo afisa akapiga simu, na askari wawili wakaja kumchukua Mama Pasi. Alishuka kwa hiari yake, akatengeneza kanga yake, akawaambia wenzake wasiondoke kwenye ngazi.

Kituoni alikalishwa kwenye benchi mpaka alasiri. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mzima mwenye uso wa kuchoka, na alimsikiliza kwa adabu. Akaisoma ripoti ya sajini mara mbili. Kisha akasukuma karatasi mezani.

"Dada yangu, mimi sitaki kukulaza hapa. Weka sahihi hati hii ya ahadi, uende ukawaone watu wako."

Aliisoma pole pole. Ilisema: *Naahidi kuacha kufunga vifaa visivyo na kibali katika nyumba za watu.* Akaomba kalamu. Alipopewa, alilikata neno "kuacha" kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika "kuendelea", akaweka sahihi, akairudisha karatasi kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu kumkabidhi mkubwa kitu.

Mkuu wa kituo aliisoma karatasi. Akamtazama yeye. Nje ya dirisha mpiga rangi alikuwa amesimama na ovaroli yake yenye madoa, na nyuma yake nusu ya uchochoro.

"Unajua hii siwezi kuipeleka mahakamani," alisema.

"Ipeleke. Hakimu nitamwonyesha nilikozika watu wangu."

Mkuu alikuna kidevu. Akaikunja hati ile mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati lake, akamwambia askari amfungulie mlango.

Ngazi walizikuta bado zimekaliwa. Vibarua walikuwa wamekwenda zao, na afisa pia. Siku mbili zilizofuata nyumba zile nane zilirudishiwa waya wake, na waya ukasonga mbele hadi mwisho wa maghala. Kibali hakijatoka mpaka hivi leo. Fomu yake ya pili ilirudishwa, na ya tatu, ambayo kwenye mstari wa kiwanja aliandika idadi ya watu waliokufa kwenye moto ule wa Jumamosi, haikujibiwa kabisa. Barua za kumwonya amezipokea mbili zaidi. Watu wa mtaa wa pili, ng'ambo ya mfereji, walipomwomba awafungie, hakuwaambia wasubiri ofisi. Aliwaambia wachague wanawake sita wasioogopa kupanda paa, wakusanye pasi mbovu, waje.

Walikuja Jumatatu, wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa mbele ya meza yake. Kila mmoja alipewa pasi moja na bisibisi moja. Aliyekaa mwisho, mwanamke mnene aliyekuja na mtoto mgongoni, aliigeuzageuza pasi yake bila kuigusa skrubu hata moja.

"Fundi," aliuliza, "na wakija kung'oa?"

"Tunafunga tena," alisema Mama Pasi. "Haya, anza na skrubu ya nyuma. Igeuze kushoto."